Aliyekaa Kiti cha Kumi na Tatu

Shanta langu ni la kijani kilichopauka, na zipu yake moja nimeishona mara mbili kwa mshipi wa kuvulia samaki. Nililinunua mwaka 2009 katika mitumba ya Kongowea, Mombasa, na siku hiyo lilikuwa bado lina mchanga katika mfuko wa pembeni, mchanga wa ufuo ambao sitaujua. Nimepanda nalo mabasi hadi Kampala, Kigali, Kigoma na Moyale. Lakini safari ninayoifanya kila mwaka bila kukosa ni ya hapa hapa kwetu: kutoka Kilifi, ninakofundisha jiografia, kupitia Malindi, Minjila, Garsen na Hola, mpaka Nanighi.

Wengi hawaijui Nanighi, hata watu wa Pwani. Mto Tana ukishaupita mji wa Garissa na kuteremka kusini, jina hilo linakaa pande zote mbili za maji. Ng'ambo ya mashariki ni wadi ya Nanighi, eneo bunge la Fafi, kaunti ya Garissa, nchi ya wafugaji wa Kisomali. Upande wa magharibi, kaunti ya Tana River, ndipo zilipowekwa pampu za kuvuta maji ya mto na kuyaingiza katika mfereji wa mradi wa kilimo wa Bura. Mimi ni mtoto wa mfereji huo.

Mradi wa Bura ulipata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 familia zikaanza kuletwa kutoka karibu kila pembe ya Kenya kuja kulima pamba katika nchi kame. Wazazi wangu walitoka Kakamega. Vijiji vyetu vilikuwa na namba, havikuwa na majina, na katika kijiji kimoja ungesikia Kiluhya mlango wa kwanza, Kikamba wa pili, Kipokomo wa tatu, na Kiswahili uani walikocheza watoto. Kwa watu wa namna hiyo basi lilikuwa kamba. Lilitufunga na makaburi ya babu zetu. Bura hadi Garissa, Garissa hadi Nairobi kilomita zipatazo 370, kisha usiku mwingine mzima hadi Kakamega. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na miaka saba. Mama alishonea nauli ya kurudia kwenye upindo wa leso yake, akanipakata njia nzima, na bibi mmoja asiyetujua alinimegea muhogo wake wa kuchemsha giza lilipoingia. Uso wa bibi yule ninaukumbuka kuliko mji wowote tulioupita.

Asubuhi, mtumbwi ulivuka kutoka Nanighi ukileta akina mama wenye maziwa. Mmoja wao tulimwita Habaryar, mama mdogo kwa Kisomali. Mama yangu alipougua nikiwa na miaka tisa na kupelekwa hospitali ya mbali, yeye ndiye aliyenivusha mto akanikalisha kwake miezi miwili, nikinywa maziwa ya ngamia na kulala na binti zake. Huyo ndiye ninayemwendea kila mwaka.

Nikiwaambia walimu wenzangu kwamba likizo yangu ni kukaa kwenye basi na shanta, hunitazama kama mtu anayeiga Wazungu. Picha waliyo nayo ni ya vijana wa kigeni waliokuwa wakishuka Lamu tangu miaka ya 1960 na 1970, nywele ndefu na suruali zilizochakaa. Ni kweli vijana hao walikuwapo, na ni kweli kwamba kusafiri nchi kavu kwa gari la abiria, bila haraka na kwa pesa kidogo, kuna historia yake huko duniani. Mwezi wa Aprili 1957 basi liliondoka London likiwa na abiria wa kwenda Calcutta, India, likafika Juni. Miaka iliyofuata njia ya Istanbul, Tehran na Kabul ikajaa vijana, mpaka mapinduzi ya Iran na vita vya Afghanistan vilipoifunga mwaka 1979. Lakini bibi yule wa muhogo naye alikuwa msafiri wa nchi kavu. Mfanyabiashara wa Eastleigh anayelala siku mbili barabarani kwenda Mandera ni msafiri wa nchi kavu. Sisi tumekuwa tukiifanya kazi hii miaka yote kwa lazima, na kwa sababu ni lazima hatukuihesabu kuwa safari ya kusimuliwa. Nataka ihesabiwe.

Basi nitasimulia ya Novemba 2023, mwaka wa mvua za El Nino.

Shule zilipofungwa niliteremka Mombasa jioni, ingawa ni kurudi nyuma, ili nipande gari Mwembe Tayari linapoanzia. Ukilisubiri njiani utapewa kiti kilichobaki, na kiti ni nusu ya safari. Viti vya nyuma kabisa vimeipita ekseli, kwa hiyo gurudumu likiingia shimoni vinarushwa juu kama ncha ya ubao wa kubembea. Nafuu ipo katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Halafu kuna jua. Ukielekea kaskazini asubuhi, jua liko kuliani mwako mpaka karibu na adhuhuri, na katika bonde la Tana dirisha la upande wa jua ni tanuri. Nilimwambia karani anipe la kushoto. Akanipa kumi na nne, dirishani.

Kumi na tatu alikaa kijana wa Tanga. Alikuwa na shanta jeusi kubwa kuliko langu, amelikumbatia mapajani kama mtoto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hilo lipeleke kwenye buti, mdogo wangu. Hutakuwa na pa kuweka magoti."

"Naogopa litapotea."

"Basi toa pasipoti, pesa, chaji na nguo moja, hivyo vibaki nawe. Kinachobaki kikipotea utalia, lakini utafika."

Somo hilo lilinigharimu mwenyewe. Miaka kumi nyuma mzigo wangu ulishushwa steji nisiyoijua, na ndani yake mlikuwa na vyeti vyangu vyote. Sikuupata tena.

Alikuwa fundi wa simu, umri miaka 23, ameweka akiba mwaka mzima ili afike Addis Ababa kwa basi. Alivuka Horohoro na Lunga Lunga, na mpango wake ulikuwa kupita Garissa na Wajir hadi Moyale. Aliponiuliza kama mimi pia natumia pasipoti nikamweleza kwamba tangu Januari 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka nchi hizo tatu kwa kitambulisho tu. Kwenda kwao Tanzania bado nachukua pasipoti. Akatikisa kichwa. Alikuwa amepigiwa mihuri miwili tu maishani, akanifungulia ukurasa niione.

Gari liliondoka saa moja. Baada ya Malindi tulivuka daraja la Sabaki, maji yakiwa mekundu kama matofali, kisha mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, marundo meupe yaliyomfanya kijana ainuke kitini. Hapo ndipo Pwani ya minazi inapokuachia. Miti inakuwa mifupi na yenye miiba, ng'ombe wanakuwa weupe wenye nundu, na katikati ya barabara unamkuta kijana wa Kiorma amesimama kwa mguu mmoja, fimbo mabegani, akilitazama basi likimpita.

Minjila ndiyo njia panda. Kulia unakwenda Witu na Lamu, kushoto unaendelea na mto kwenda Hola na Garissa. Abiria wengi walishuka, wengine wakapanda. Mzee wa Kiorma mwenye kilemba alikaa mbele yangu. Kando yake akaketi mama wa Kipokomo na kikapu cha maembe, na mguu wa mzee ukawa chini ya kikapu kwa sababu hapakuwa na pengine. Mtu asiyejua angeona abiria wawili tu. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, katika delta hii hii, Waorma na Wapokomo walivamiana kwa ajili ya malisho, mashamba na siasa, watu zaidi ya mia moja wakauawa. Riketa na Kipao ni majina ambayo watu wa huku wakiyasikia hunyamaza kidogo. Nilikuwa nikipita njia hii miezi ile. Mabasi yalikuwa nusu tupu, na walioingia walichagua wa kukaa naye. Kwa hiyo mama yule alipokata embe kwa kisu kidogo akampa mzee kipande bila kumwangalia, na mzee akakipokea kwa mkono wa kulia na kusema "Ahsante, mama," mimi nilijua ninachokiona.

Kuanzia Garsen lami ilikuwa imeliwa. Dereva aliteremka kandokando, akapanda tena, akateremka. Ni hapa ambapo mwili unaanza kudai. Miguu inavimba kwa kuwa damu ya chini hutegemea misuli ya mashavu ya miguu kuisukuma kurudi juu, na mtu aliyekaa saa sita misuli yake imelala. Kwa wachache damu hiyo huganda mshipani, na hilo ni jambo la hospitali. Mimi huzungusha vifundo vya miguu kila tukipita kijiji, na gari likisimama nashuka hata kama sina haja. Haja yenyewe sasa ndiyo niseme wazi, maana magazeti hayaisemi.

Mwanamume akitaka, gari linasimama popote, anageuka, amemaliza. Sisi hatuna pa kugeukia. Kwa hiyo wanawake wengi wa njia hii hawanywi maji tangu jana yake. Wanasafiri na kiu katika joto la digrii 35 na zaidi, wanafika na kichwa kinachopasuka, na wengine wanapata maambukizi ya njia ya mkojo kwa kujizuia. Nimewaona wajawazito wakifanya hivyo. Misikiti ya kando ya njia imetusaidia sana, kwa sababu gari likisimama kwa sala pana maji na mara nyingi choo. Nje ya hapo tuna ukuta wa leso. Siku ile, mbele ya Wenje, mama wa maembe alisimama akasema kwa sauti, "Dereva, wanawake wanashuka." Tulishuka tisa. Tukasimama duara, migongo ndani, kila mmoja ameshika pembe ya leso yake na pembe ya leso ya mwenzake, tukaingia mmoja mmoja kwa zamu. Ndiyo maana siwezi kupanga shanta bila leso mbili. Ni shuka, ni taulo, ni pazia, ni kamba, na pale kichakani ni heshima. Lakini leso isiwe jibu la mwisho. Barabara inayobeba watu kutwa kucha inastahili vyoo vyenye mlango kila baada ya kilomita 50, na nitalisema hili mpaka nione kimoja kimejengwa.

Tulifika Hola saa tisa alasiri na gari likazimwa injini. Kondakta alirudi kutoka kwa askari wa kizuizi akatuambia lagha moja ya mbele imekata njia.

Lagha ni mto usio na maji karibu mwaka mzima. Unaupita ukiwa mchanga mtupu, mbuzi wamelala ndani. Siku mvua inaponyesha vilimani huko magharibi, maji yanashuka kwa saa chache yakiwa na magogo na mizoga, yanakata barabara, kisha yanakwisha. Hayo ni maji ya aina moja. Maji ya aina ya pili ni ya Tana yenyewe. Mto huu, mrefu kuliko yote ya Kenya, unaanzia Aberdare na Mlima Kenya, unapita mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na mabwawa yakijaa yakafurika, maji hayo hutembea siku kadhaa mpaka kutufikia. Kwa hiyo unaweza kusimama Hola chini ya jua kali, mbingu haina hata wingu, na mto unapanda kiganja kwa kiganja. Wanafunzi wangu wa Kilifi hawaniamini nikiwaambia. Kijana wa Tanga alipouona mto jioni ile, migomba imezama mpaka shingoni, alikaa kimya muda mrefu.

Tulilala Hola siku tatu.

Nimeshafika miji mizuri kwa shanta langu, lakini ukiniuliza safari ilikuwa wapi nitakwambia ilikuwa pale. Siku ya kwanza kila mtu alikuwa na hasira. Abiria wawili vijana walimwendea dereva wakamwambia maji yamepungua, apite, wana shughuli. Dereva, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alikuwa anakunywa chai ya rangi. Akasema, "Mimi nimebeba watu arubaini na mmoja. Shughuli zenu ziko humo ndani ya arubaini na mmoja." Wakamtukana, akamaliza chai yake. Miezi mitano baadaye, Aprili 2024, basi lilisombwa na maji katika kaunti hii hii ya Tana River, na kwa rehema ya Mungu abiria wote 51 wakaokolewa. Nilipoona picha zake, limeinama ubavu ndani ya maji ya rangi ya kahawia, nilimkumbuka dereva yule na glasi yake. Ukitaka kujua gari la kupanda, usiangalie rangi na taa zake. Uliza ni nani dereva, na kama amewahi kukataa kwenda.

Siku ya pili hasira iliisha, watu wakaanza kuishi. Tulikuwa wanawake wanne katika chumba kimoja cha gesti cha shilingi 800, feni bila umeme. Mzee wa Kiorma alikuwa na jamaa pale, akaleta kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya watoto wa basi. Kijana wa Tanga alitandaza fulana yake mezani hotelini, akatoa bisibisi zake ndogo, akaanza kufungua simu zilizoingia maji. Kufikia magharibi alikuwa na foleni. Wengine walimlipa, wengine wakampa wali na maharage, na bibi mmoja alimpa jogoo hai ambaye kijana hakujua amfanyie nini, akamwachia mwenye hoteli, tukala wote.

Siku ya tatu nilimpeleka kutembea. Nikamweleza kwamba jina la Hola lilifika hadi bunge la Uingereza kwa sababu ya tarehe 3 Machi 1959, siku wafungwa 11 wa kambi ya kizuizini, waliokataa kufanyishwa kazi ya kuchimba, walipopigwa mpaka wakafa, na wakubwa wa kikoloni wakatangaza kwamba walikufa kwa maji waliyokunywa. Aliniuliza kwa nini hakufundishwa jambo hilo. Nikamwambia mimi pia, niliyekulia kando ya mto huu huu, sikufundishwa. Nililisikia kwenye basi, kutoka kwa mzee aliyekuwa akienda Garissa kuuza ngozi.

Usiku wa mwisho hatukulala mapema. Mtu alitaja hatari za njia, kila mmoja akatoa yake. Mama mmoja alizungumza juu ya mkesha wa mwaka mpya wa 2018, basi na lori vilipogongana Migaa, watu 36 wakafa, na serikali ikasimamisha safari za usiku za mabasi ya masafa marefu. Alikuwa na mpwa wake mle. Tukanyamaza. Kisha kijana akauliza kama ni kweli kwamba huko kaskazini magaidi husimamisha mabasi. Ni kweli. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, walilisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Wengi katika hao walikuwa walimu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, watu wa kazi yangu.

Lakini mzee wa Kiorma hakuniacha niishie hapo. "Maliza, mwalimu," akasema. Nikamaliza. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2015, walilisimamisha basi jingine lililokuwa likienda Mandera, karibu na El Wak, wakataka abiria wajitenge tena. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwavika Wakristo hijabu zao ndani ya gari kabla milango haijafunguliwa, na abiria wakasema muueni kila mtu au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafa mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Filamu fupi ya Watu Wote, iliyotolewa mwaka 2017, imetokana na kisa hicho na ikafika kushindania tuzo ya Oscar. Mimi sijawahi kuweza kuitazama mpaka mwisho.

Ninayasema haya kwa sababu watu hunitaka niwaambie kama safari hizi ni salama. Siwezi kuwadanganya. Lazima uulize habari za njia siku ile ile, kwa madereva na si kwa ndugu walio mbali. Usisafiri usiku ukiweza kungoja asubuhi. Vizuizi ni vingi, na kwenye daraja la Garissa mtashuka kuonyesha vitambulisho, kwa hiyo kitambulisho kikae mfukoni, si ndani ya buti. Beba chumvi na sukari za kuchanganya na maji, dawa zako, tochi, na pesa taslimu kidogo, kwa sababu mtandao ukizima M-Pesa haikununulii chai. Ongeza siku tatu katika hesabu yako. Anayekwenda harusini Jumamosi asipande basi la Ijumaa katika mwezi wa Novemba.

Lakini mimi sijawahi kutoka kwenye basi nikiwa na habari zile zile nilizoingia nazo.

Siku ya nne lagha ilikuwa imeshuka hadi vifundoni. Dereva alivua viatu, akavuka kwa miguu kwenda na kurudi akichoma mchanga kwa fimbo, kisha akatuvusha sisi, kisha gari likiwa tupu. Kijana wa Tanga hakuvuka nasi. Habari zilikuwa zimefika kwamba mbele ya Garissa pia njia imekatika, na akiba yake ilikuwa inakwisha. Alirudi Mombasa na lori la mkaa. Mwezi wa Februari alinitumia picha, shanta jeusi limesimamishwa chini ya kibao cha Moyale, alikofika kwa kupitia Nairobi na Isiolo.

Nilishuka njia panda ya Bura, nikachukua bodaboda hadi kijijini kwa mama. Kesho yake nilikwenda mtoni. Nanighi ya ng'ambo haikuonekana vizuri. Kati yetu kulikuwa na maji mapana mara tatu ya kawaida, yakienda kwa kasi, na kisiwa cha matawi kikielea katikati. Mwenye mtumbwi aliniambia angenivusha nikitaka. Nilikataa. Nilimpigia simu Habaryar nikiwa nimesimama pale pale ukingoni, akasema anaona watu wadogo upande wa pili lakini hajui yupi ni mimi. Nikainua leso yangu nyekundu. Akacheka.

Nilingoja wiki tano. Siku mbili kabla ya mwaka kwisha maji yalikuwa yamerudi katika kingo zake, nikavuka na shanta langu, sukari kilo nne na majani ya chai. Habaryar sasa macho yake hayaoni mbali vizuri. Alinishika uso kwa viganja vyote viwili, akanikalisha kwenye mkeka, akaamuru watoto wanyamaze. Sukari hakuigusa. Kwao mgeni anayetoka safarini hadaiwi zawadi kwanza. Anadaiwa habari, na husikilizwa mpaka amalize.

"Warran," akaniambia. Toa habari.

Nikaanza na kijana wa Tanga, aliyekaa kiti cha kumi na tatu.